Baridi ya mwezi mmoja haitoshi kupima tabianchi

Desemba 2010, theluji ilitanda kote nchini Uingereza na maelfu ya abiria wakakwama katika uwanja wa ndege wa Heathrow, London. Baadhi ya watu waliuliza: ikiwa dunia inazidi kupata joto, baridi hii imetoka wapi?

Ili kujibu swali hilo, sharti mwezi mmoja ulinganishwe na kumbukumbu za miaka mingi. Uingereza inazo kumbukumbu za joto la kila mwezi tangu 1659, kwa eneo la kati lililo baina ya Lancashire, London na Bristol. Zilikusanywa na mwanajiografia Gordon Manley, na ndizo ndefu zaidi duniani za aina hiyo zilizotokana na vipimajoto.

Katika eneo hilo, wastani wa Desemba kati ya 1961 na 1990 ulikuwa nyuzi 4.7 sentigredi. Desemba 2010 wastani huo ulishuka hadi karibu nyuzi 0.7 chini ya sifuri. Haikuwa imeshuhudiwa Desemba yenye baridi kiasi hicho tangu 1890. Chanzo kilikuwa upepo uliovuma kutoka Aktiki baada ya njia ya kawaida ya upepo wa magharibi kuzibwa. Hata hivyo, duniani kwa jumla, 2010 ulikuwa miongoni mwa miaka yenye joto zaidi kuwahi kupimwa kufikia wakati huo.

Miaka mitano baadaye mambo yaligeuka. Desemba 2015, upepo wa kusini-magharibi ulileta hewa yenye joto na unyevu kutoka Atlantiki. Wastani ulipanda hadi karibu nyuzi 9.7, na kuvunja rekodi ya nyuzi 8.1 iliyowekwa 1934 na kufikiwa tena 1974. Mafuriko yalikumba kaskazini mwa nchi hiyo.

Kwa hivyo, katika muda mfupi, Desemba moja ilipungukiwa na wastani kwa takriban nyuzi tano, na nyingine ikauzidi kwa kiasi hicho hicho. Ndiyo maana wataalamu hutumia wastani wa miaka 30.

Nchini Kenya, ambako Julai huleta baridi na mawingu Nairobi na katika nyanda za juu, kanuni ni hiyo hiyo. Mkulima anayebadilisha mbegu kwa sababu ya Julai moja anabahatisha. Anayezingatia Julai 30 ana msingi wa kuamua.