Kuvua Kaniki

Mwaka jana nilirudia kusikiliza mahojiano niliyofanya na ofisa mmoja wa serikali. Dakika ishirini tu. Ndani yake nimesema "samahani" mara kumi na moja. Samahani nikuulize, samahani nirudi nyuma kidogo, samahani sijaelewa hapo. Nilikuwa nauliza habari za maji ya bomba, jambo ambalo wananchi wana haki ya kulijua, lakini sauti yangu ilikuwa ya mtu aliyeingia nyumba ya watu bila kupiga hodi.

Nilijua nimeitoa wapi. Bibi yangu, kule Unguja, wakija wageni wa ukoo fulani, alishuka kitini akakaa mkekani. Hakuna aliyemwambia ashuke. Nilipomuuliza alinijibu kwa mkato: "Ndivyo tulivyozoea, mwanangu."

Mazoea hayo yana historia. Mwaka 1873 Sultani Barghash alifunga soko la watumwa la Unguja, lakini waliokwisha kuwa watumwa walibaki hivyo hivyo. Ilipofika tarehe 6 Aprili 1897, Sultani Hamoud bin Mohammed akatoa amri ya kukomesha utumwa Unguja na Pemba. Ukiisoma amri hiyo leo utaona uhuru wenyewe ulikuwa wa kuombwa. Mtumwa alitakiwa aende mwenyewe mahakamani, aeleze atakaa wapi na atakula nini. Bwana wake alilipwa fidia. Yeye aliyefanya kazi miaka yote hakulipwa kitu. Masuria hawakuhesabiwa kabisa, wakasubiri hadi 1909.

Sasa basi, umepata karatasi yako. Unatoka mahakamani na nguo ile ile uliyoingia nayo.

Nguo hiyo kwa mwanamke ilikuwa kaniki, kitambaa cha merikani kilichotiwa rangi nyeusi ya nili. Watumwa wanawake hawakujifunika kichwa kama waungwana. Wanaume hawakuvaa kofia wala viatu. Mtu alikutambua kwa mbali kabla hujafungua mdomo. Kwa hiyo waliotoka utumwani walianzia hapo hapo. Wanawake waliiacha kaniki wakajifunga kanga, zenye rangi na maua, na baadaye wakavaa buibui. Wanaume wakavaa kanzu na kofia. Wapo waliobadili hata majina. Hakuna amri iliyowaagiza wafanye hivyo. Sehemu hii ya uhuru waliitimiza wenyewe, kwa pesa zao za kupalilia mikarafuu na kubeba mizigo bandarini.

Mfano ninaoupenda ni wa Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, mwaka 1880 hivi, katika familia iliyotokana na utumwa, na jina alilopewa lilikuwa Mtumwa. Aliuza vyungu. Mwaka 1911 akahamia mjini, akajifunza kuimba, akaitwa Siti, yaani bibi mwenye heshima. Mwaka 1928 alisafiri hadi Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili, akasikika pwani nzima ya Afrika Mashariki.

Lakini wapinzani wake walimtungia wimbo wa kumkumbusha kaniki alizotoka nazo shamba. Hebu fikiria. Mji uliojaa watu waliokwisha kuvua kaniki bado ulikuwa unamtafuta nani aliwahi kuivaa. Siti naye akajibu kwa wimbo: mtu apimwe kwa akili yake, mambo ya sura yaachwe.

Hapo ndipo pananigusa zaidi. Nguo ilikuwa rahisi kuacha kuliko jicho la kupima watu kwa nguo. Wengi walijikomboa kwa kufanana na waliokuwa mabwana wao, hata nasaba wakaazima. Siwalaumu, wangefanana na nani mwingine, wakati heshima yote ya mji ilikuwa upande ule? Ila walichukua kanzu ya bwana pamoja na dharau yake kwa mtu wa shamba. Siti, kwa maoni yangu, alikwenda hatua moja mbele yao: alivaa buibui kama wengine, lakini alipokumbushwa kaniki hakukimbilia kukana alikotoka.

Nami nilipoamua kuacha "samahani" zangu, kosa langu la kwanza lilikuwa hilo hilo. Nilianza kuuliza kwa ukali, kama wakubwa wanavyouliza. Siku moja nilimfokea karani wa mapokezi, kijana wa watu, akanyanyuka na kusema, "Samahani, dada." Niliona aibu. Nilikuwa nimemwachia yeye mkeka wa bibi yangu.

Sasa najitahidi tu kuuliza swali, kisha ninyamaze nisubiri jibu, awe waziri au karani. Katika mahojiano ya juzi nimehesabu samahani mbili. Zote zilistahili: nilichelewa kufika, na nilimmwagia mzee wa watu chai.