Tuisheni ilivyoota mizizi Rongo

Mwaka 1985 Kenya ilianza mfumo wa elimu wa 8-4-4, na watahiniwa wa kwanza wakafanya KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, mwaka huohuo. Silabasi ilikuwa nzito, nafasi za sekondari nzuri chache. Mzazi wa Rongo, kwenye barabara kuu ya Kisii kwenda Migori, alijua mwanawe akipita vizuri huenda akaitwa sekondari ya Kanga High hapo jirani. Akikosa alama, shamba la miwa linamngoja. Ndipo ikaja tuisheni: masomo ya alfajiri kabla ya gwaride, ya jioni, ya Jumamosi, na ya likizo, kila moja na ada yake.

Masomo ya msingi yalipofanywa bila ada mwaka 2003, madarasa yalifurika na mwalimu mmoja akaachiwa watoto wasiohesabika kwa urahisi. Tuisheni ikawa mahali pekee ambapo mtoto angeulizwa swali kwa jina lake. Lakini ilikuwa ya mwenye pesa. Hela ya miwa huchelewa, na mtoto wa mkulima aliyechelewa kulipwa alirudishwa nyumbani huku wenzake wakiendelea na hesabu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi katika historia hii yote.

Serikali iliipiga marufuku tuisheni mara kadhaa. Mutula Kilonzo, akiwa Waziri wa Elimu, aliipiga vita mwaka 2012. Mwaka uliofuata, kifungu cha 37 cha Sheria ya Elimu ya Msingi kikaharamisha tuisheni ya likizo: faini isiyozidi shilingi 100,000, kifungo kisichozidi mwaka mmoja, au vyote viwili. Ikabadilishwa jina tu. Wazazi wakaendelea kuchanga.

Korea Kusini nayo iliipiga marufuku mwaka 1980, na mwaka 2000 Mahakama ya Katiba ikaiondoa marufuku hiyo. Wanafunzi wake hufanya vizuri sana katika mitihani ya kimataifa ya PISA, na wazazi hulipia saa nyingi za ziada. Ufini iliongoza kwa kusoma katika PISA ya 2000 karibu bila tuisheni: mtoto dhaifu husaidiwa ndani ya saa za shule, na mwalimu wa kawaida huwa na shahada ya uzamili. Kwa hiyo wingi wa saa pekee hautoshi kueleza matokeo ya nchi.

Huku kwetu Kenya, KCPE ya mwisho ilifanywa mwaka 2023. Ningependa fedha ambazo wazazi wa Rongo walichangia tuisheni kwa miaka hiyo yote zigeuzwe dai kwa serikali: walimu wa kutosha, madarasa madogo, na saa ya msaada kwa mtoto aliyebaki nyuma, kabla kengele ya mwisho haijalia.