Balansi, Mizani na Kilichobaki

Ilikuwa msimu wa kununua pamba, katika kituo cha chama kimoja cha msingi cha ushirika, nje kidogo ya mji wa Bariadi. Karani, kijana mwenye adabu zake, alimwambia kibarua aweke balansi, yaani aurejeshe kwenye sifuri mshale wa mizani ile ya kuning'inia kabla gunia halijatundikwa kwenye kulabu; na gunia lilipokwisha kupimwa, na deni la viuadudu likakatwa, akamgeukia bibi mwenye pamba akamwambia, “Mayu, balansi yako nakuhesabia sasa hivi.” Bibi yule akainua macho akautazama mshale kitambo, kisha akajibu kwa upole, “Balansi si hiyo imetulia, mjukuu wangu? Mie naulizia hela zilizobaki.”

Watu walicheka, na karani naye akacheka. Lakini mwenye kuipenda lugha angetambua kwamba bibi yule, ambaye yamkini hakupata kuingia darasani, alikuwa amelipasua neno la Kiingereza vipande viwili pale pale palipostahili kupasuliwa.

Asili ya neno hilo ni Kilatini, na maana yake ya kwanza ni kitu chenye sahani mbili, kama mizani aijuayo kila aliyepata kuingia dukani kwa sonara. Kutokana na sahani hizo Waingereza wakatoa maana ya usawa, maadamu sahani zikilingana hakuna iliyozidi. Kisha wenye kutunza daftari za hisabu, walipoona upande wa mapato haulingani na upande wa matumizi, wakauongezea upande uliopungua kiasi cha kuzilinganisha pande hizo, na kiasi hicho, ambacho kwa hakika ndicho kilichosalia, wakakiita kwa jina lile lile la mizani. Ndiyo sababu neno moja humtajia Mwingereza chombo, hali na fedha, naye asione taabu.

Mswahili huona taabu, na ni haki yake. Neno letu mizani limetoka katika Kiarabu, katika shina lililotupa pia uzani, nalo limetembea njia zake lenyewe: mshairi huhesabu mizani nane katika kila kipande cha mshororo wa shairi la kawaida, mcha Mungu hukumbuka mizani ya Siku ya Kiyama, na dereva wa lori hupunguza mwendo kwa kuwa mbele kuna mizani, akimaanisha kituo kizima cha barabarani pamoja na maofisa wake. Katika safari zote hizo, hata hivyo, mizani haikukubali kuwa jina la fedha iliyobaki. Fedha hiyo ni baki, au salio, kama simu za mkononi zilivyomzoeza kila mtu kusema.

Na huko Usukumani, iliko Bariadi, neno mizani halikupata kuwa neno jepesi. Katika enzi za ratili, pamba iliponunuliwa na wafanyabiashara, wengi wao wenye asili ya Kihindi, mkulima asiyeweza kuusoma mshale alikuwa hana budi kukiamini kinywa cha mnunuzi. Na manung'uniko juu ya hadaa ya vipimo yakakithiri hata, mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wakaanza kuweka wapimaji wao wenyewe wasimame kando ya mizani ya mnunuzi. Katika vuguvugu hilo alitokea kiongozi wa ushirika, Paul Bomani, na mwaka 1955 likasimama Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Bariadi, ambayo tangu 2012 ni makao makuu ya Mkoa wa Simiyu, imerithi pamba ile na jicho lile la kuutazama mshale. Kwa hiyo bibi wa kituoni, aliposikia balansi, alitazama palipo na historia.

Sasa kwa mfasiri. Wataalamu wa uhasibu wamefanya vyema kutenga mizania kwa ajili ya hati ionyeshayo mali na madeni, na wa uchumi wakachukua urari, tukapata urari wa biashara na urari wa malipo, maneno mawili ninayoyapenda kwa kuwa hayawezi kudhaniwa kuwa chombo cha chuma. Mwalimu wa kemia husawazisha mlinganyo. Mwenye kuandika habari za siasa aghalabu husema uwiano wa nguvu, na si vibaya. Lakini ulioniridhisha kuliko yote ni mlo kamili: hapo aliyefasiri aliacha sahani mbili, akaacha na usawa wenyewe, akauliza tu chakula hicho kimepungukiwa na nini, akajibu kwamba hakikupungukiwa na kitu.

Limebaki la fundi wa magurudumu, ambaye hufunga vipande vidogo vya risasi kwenye ringi ili gari lisitetemeke likienda mbio, naye husema anabalansi tairi. Nilimshauri mmoja pale Bariadi aseme anasawazisha. Alinisikiliza kwa heshima, akapangusa mikono, akasema, “Mzee, nikisema hivyo mteja atadhani naongeza upepo.” Nikamlipa, nikapokea chenji yangu.