Njaa na Shibe za Kau

Kau, mji wa kale ulio kandokando ya mto Ozi, uliishi kwa mpunga. Na mfereji wa Belezoni ulipochimbwa katika karne ya 19 kuunganisha Tana na Ozi, mitumbwi ikapata njia ya kuteremshia nafaka. Kilimo chenyewe kilifuata kujaa na kupwa kwa maji, maana bahari ijaapo huusukuma mto nyuma, na maji matamu yakatandaa mashambani. Lakini chumvi ikipanda, ghala huwa tupu na mwili wa mkulima hukonda.

Yajirio ndani ya mwili huo yalibainika juzi tu: mnamo 1994 Jeffrey Friedman na wenziwe, mjini New York, waligundua leptini, protini itokayo katika mafuta ya mwili kwenda kuuarifu ubongo kiasi cha akiba. Akiba ipunguapo, leptini hupungua, na chembe za haipothalamasi, sehemu ya ubongo, hutoa protini ndogo, AgRP na NPY, ziamshazo tamaa ya chakula. Kwa hiyo naona ni dhuluma kumwita mlafi mtu aliyetoka katika njaa, akainamia sinia la wali wa mpunga mpya, ungali ukifuka mvuke, akala hata akakwangua ukoko, ilhali ubongo wake ungali ukidai akiba iliyoliwa tangu chumvi ilipoingia shambani.