Kishindo Kikisikika, Usikimbilie Dirishani

Mama mpendwa, unakumbuka Ijumaa ya Agosti 7, 1998? Katikati ya jiji la Nairobi, mlipuko mdogo ulisikika kwanza karibu na ubalozi wa Marekani. Watu wengi maofisini wakakimbilia madirishani kuchungulia. Muda mfupi baadaye bomu kubwa likalipuka. Watu 213 walifariki, na vioo vilivyopasuka vikawapofusha wengi.

Funzo hilo lipeleke nyumbani. Waambie watoto: kishindo kikisikika, ondokeni dirishani, laleni chini. Kipande cha kioo kikimchoma mtoto jichoni, usikichomoe, usilisugue jicho, usilioshe. Lifunike kwa kikombe safi bila kuligandamiza, kisha mkimbize hospitali mara moja. Usingoje kesho, mama.