Mtoto Hapewi Talaka: Malezi Baada ya Mzazi Kuoa au Kuolewa Tena



Kuna maneno ambayo wanawake wengi walioachika wameyasikia kwa masikio yao: "Siku utakayoolewa tu, mwanangu namchukua." Husemwa kana kwamba ni sheria nzima ya dini, na mwenye kuambiwa huogopa. Wapo waliokataa posa za watu wema kwa sababu hiyo, na wapo walioolewa huku moyo umegawika. Upande wa pili yupo bibi harusi anayeingia kwa mume mwenye watoto. Kafundwa na somo wake mambo yote ya ndoa, lakini la watoto wa mke aliyetangulia hakuambiwa neno, ila labda ajihadhari na mama yao.

Leo tuifungue historia, kwa sababu mambo haya si mageni. Yalitokea Madina kwa watu tunaowataja kila siku, na namna walivyoyamaliza imeandikwa. Ukiyasoma yote kwa pamoja utaona jambo moja: ndoa mpya ya mzazi ilibadilisha nyumba anayolala mtoto, lakini haikumfuta mzazi hata mmoja.

Kauli ilipoanzia

Maneno ya "ukiolewa" yana asili. Katika Sunan ya Abu Dawud imo hadithi iliyopokewa na Abdullah bin Amr (R.A.) juu ya mwanamke aliyemwendea Mtume (S.A.W.) kushitaki. Alieleza kwamba mwanawe amekaa tumboni mwake, amenyonya maziwa yake na amelelewa mapajani mwake, na sasa baba aliyempa talaka anataka kumpokonya. Mtume (S.A.W.) alimjibu kwamba yeye ana haki zaidi ya mtoto huyo maadamu hajaolewa.

Hapo ndipo wanazuoni wengi walipochukua hukumu kwamba haki ya mama ya kulea, yaani hadhana, husita akiolewa. Lakini tazama hadithi ilivyoanza. Mama ndiye aliyekuja kushitaki, na mama ndiye aliyepewa. Sharti la ndoa lilikuja baada ya haki yake kuthibitishwa. Na hapakutajwa kwamba akiolewa, mtoto huondoka mbio kwenda kwa baba. Nani anafuata baada ya mama? Swali hilo lilijibiwa miaka michache baadaye, na aliyeshindwa kesi alikuwa mtu mkubwa sana.

Sayyidna Umar na mwanawe Asim

Umar bin Al-Khattab (R.A.) alikuwa na mke wa Kiansari, Jamila binti Thabit, aliyemzalia mtoto wa kiume jina lake Asim. Wakaachana, na Jamila akaolewa na mume mwingine, naye akamzalia.

Imamu Malik amekieleza kisa hiki katika Muwatta. Siku moja Umar alifika Quba, nje kidogo ya Madina, akamkuta Asim anacheza katika uwanja wa msikiti. Akamshika mkono na kumpakia mbele yake juu ya mnyama wake. Bibi wa mtoto, mzaa mama, akawawahi akakataa mjukuu wake asichukuliwe. Wakashindana mpaka wakafika kwa Abubakar (R.A.), ambaye wakati huo ndiye Khalifa. Umar akasema ni mwanangu. Bibi naye akasema ni mwanangu.

Abubakar alimwamuru Umar amwachie bibi mtoto. Na Umar, kwa ukali wake wote unaojulikana, hakujibu neno.

Dada yangu, zingatia mambo matatu. Kwanza, aliyehukumu na aliyehukumiwa walikuwa marafiki wa karibu kabisa, na urafiki haukumpunguzia bibi haki yake. Pili, mtoto hakuhama upande wa mama kwa sababu mama kaolewa. Alibaki kwa bibi yake. Tatu, Umar alikuwa baba mwema, anayeweza kulisha na kufundisha. Hakunyimwa kwa ubaya wake, bali kwa sababu mtoto mdogo alihitaji mikono iliyomzoea.

Na je, Umar alipoteza mwana? Hata kidogo. Inasimuliwa kwamba Umar akiwa Khalifa alimsikia usiku binti mmoja akikataa agizo la mama yake la kutia maji katika maziwa ya kuuza, na akamchagua awe mke wa mwanawe. Mwana huyo ni Asim. Katika kizazi cha ndoa hiyo alipatikana Umar bin Abdulaziz, aliyeshika ukhalifa mwaka 99 Hijria (717). Mtoto aliyegombewa Quba akawa babu wa mmoja wa makhalifa waadilifu waliopata kutawala. Baba alishindwa kesi, lakini ubaba wake ulibaki mahali pake.

Mafakihi walivyopanga

Baadaye wanazuoni waliyaweka mambo haya katika vitabu. Katika madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo ya Waislamu wengi wa mwambao wetu, mmoja wa vitabu vikubwa ni Minhaj ya Imamu Nawawi, aliyefariki mwaka 676 Hijria (1277). Mpangilio wake unashangaza kwa jinsi unavyofanana na mambo ambayo leo watu hudhani yameletwa na wanasheria wa kisasa.

Mwenye haki ya mwanzo ya kumlea mtoto mdogo ni mama. Mama akiolewa na mtu asiye na haki katika ulezi wa mtoto huyo, zamu inayofuata ni ya mama yake mama, kama ilivyokuwa kwa Asim. Mama akiachika katika ndoa hiyo ya pili, haki yake hurudi. Mtoto akifika umri wa kupambanua mambo, kiasi cha miaka 7, huulizwa yeye mwenyewe anataka kukaa na nani. Hili nalo lina asili yake. Abu Hurayra (R.A.) amesimulia juu ya mvulana aliyekuwa akimtekea mama yake maji. Wazazi walipomgombea, Mtume (S.A.W.) alimwambia achague, naye akaushika mkono wa mama yake.

Kisha linakuja lile ninalotaka kila mama na kila baba alisikie. Mvulana akimchagua mama, hulala kwa mama, lakini mchana huwa na baba, amfundishe adabu na kumpeleka kwenye masomo au kazi ya mkono. Akimchagua baba, baba hana ruhusa ya kumzuia asende kumtembelea mama yake. Mtoto akiugua, mama ndiye mwenye haki zaidi ya kumuuguza. Na huko kote, nafaka ya mtoto iko juu ya baba, mtoto alale kwa nani.

Hiyo ni karne ya 13. Hakuna simu, hakuna gari, na bado mafakihi walikaa wakafikiri mtoto alale wapi, ashinde wapi, na nani amuuguze. Mwanamme anayesema "umeolewa, basi humwoni tena" hana sheria hiyo ya kushika mkononi.

Binti wa Hamza na nyumba ya khaloo wake

Kisa kingine hakihusu talaka, kinahusu yatima, lakini mafakihi wamekitegemea sana katika suala la mlezi aliyeolewa. Hamza, ami yake Mtume (S.A.W.), aliuawa Uhud mwaka wa 3 Hijria (625) akaacha binti. Mwaka wa 7, Mtume alipokuwa akitoka Makka baada ya Umra, binti huyo aliwafuata huku akiita, "Ami, ami!" Sayyidna Ali akamshika mkono akampa Bi Fatma.

Kisha watu watatu wakamgombea. Ali alisema ni binti wa ami yake na yeye ndiye aliyemchukua. Zayd bin Haritha alisema ni binti wa ndugu yake, kwa sababu Mtume aliwaunga udugu yeye na Hamza. Jaafar bin Abi Talib alisema ni binti wa ami yake pia, na tena khaloo wa mtoto ni mke wake. Mtume (S.A.W.) alimpa khaloo, akaeleza kwamba khaloo ana daraja ya mama.

Khaloo huyo, Asma binti Umays, alikuwa na mume. Kwa hiyo ndoa peke yake haikumzuia mwanamke kulea. Mume wake alikuwa jamaa wa mtoto na alikuwa radhi, tena yeye ndiye aliyekuja kumwombea. Ndipo mafakihi wa Kishafi wakasema kwamba mama akiolewa na jamaa wa mtoto mwenye haki katika ulezi wake, na mume huyo akaridhia, haki yake haipotei.

Na hukumu haikuishia hapo. Mtume (S.A.W.) alimgeukia kila mmoja wa wale watatu akamwambia neno zuri la kumtuliza, hata wawili waliokosa. Hakuna aliyeondoka amevunjika. Kesi za watoto kwetu zingapi humalizika hivyo?

Bi Asma mbele ya wanawe

Huyu Bi Asma ana somo jingine kwa maharusi. Jaafar aliuawa Muta mwaka wa 8, akamwachia wana. Baadaye akaolewa na Abubakar, akamzaa Muhammad. Abubakar alipofariki mwaka wa 13, akaolewa na Ali. Kwa hiyo nyumbani mwa Ali kulikuwa na watoto wa baba mbalimbali, na Muhammad bin Abubakar alikulia mikononi mwa Ali.

Ibn Saad ameandika kwamba watoto wale siku moja walishindana, kila mmoja akimsifu baba yake na kusema kamshinda wa mwenziwe. Ali akamwambia Asma awaamue. Asma akasema hakuona kijana wa Kiarabu bora kuliko Jaafar, wala mtu mzima bora kuliko Abubakar. Ali akamuuliza, mbona mimi hukuniachia kitu?

Hawa baba zao walikwisha kufa, na kumsifu maiti ni rahisi kuliko kumsifu mtu aliyekupa talaka. Nalijua hilo. Lakini kipimo ni kile kile: mtoto kamsikia mama yake, mbele ya mume mpya, akimtaja baba yake kwa heshima, na nyumba haikuvunjika.

Na sisi wa visiwani

Zanzibar imekuwa na makadhi tangu enzi za masultani, Wakishafi kwa Waibadhi, na mpaka leo mahakama ya kadhi ndiko wanawake wengi wanakokimbilia mambo ya ndoa yanapoharibika. Pamoja na hayo tuna Sheria ya Mtoto ya mwaka 2011, inayotaka maslahi ya mtoto yatangulizwe. Wenzetu wa Tanzania Bara, Sheria yao ya Ndoa ya mwaka 1971 inachukulia kwamba mtoto chini ya miaka 7 ni kheri awe na mama yake, mpaka ithibitishwe vingine. Miaka 7 tena! Umri ule ule.

Na kabla ya kufika kwa kadhi tuna mila yetu: mtoto kupelekwa kwa bibi mama anapoolewa. Watu huiona kuwa ni desturi tu, kumbe ni njia ile ile ya bibi wa Asim. Kasoro huja pale bibi anapotumiwa kumficha mtoto, ama baba asimwone, ama mama mwenyewe awe mgeni kwa mwanawe.

Basi wewe uliyeachika ukapata posa: usikubali kutishwa, wala usiolewe kwa siri. Kabla ya kufunga ndoa, wakae wazee wa pande zote waseme mtoto atalala wapi, atashinda wapi siku za skuli na siku za sikukuu, na nafaka italetwa vipi. Mkishindwa, nendeni kwa kadhi mapema, sio siku mtoto amekwisha kupakiwa kwenye gari.

Na wewe bibi harusi unayeolewa na baba wa watoto: katika orodha ile ya mafakihi, mke wa baba hayumo. Huna haki ya kumpokonya mama mwanawe, na wala hukupewa mzigo wa kuwa mama yake. Ulilopewa ni nafasi ya kufanya ihsani. Wahenga wamesema ukipenda boga, penda na ua lake. Muulize mume wako kabla ya harusi, nafaka ya watoto inakwenda? Anawaona? Mwanamme anayekwambia amewakata watoto wake kwa ajili yako hakupi zawadi. Anakuonesha atakavyowafanya wako.

Allah awatulize watoto wanaoishi baina ya nyumba mbili, na awape wazazi wao moyo wa kunyamaza pale Umar aliponyamaza. Amin.