Ndege ya nani hiyo?

Wadau, jarida langu limefika tena. Ni AirForces Monthly, la habari za ndege za kijeshi, linalotolewa Uingereza tangu mwaka 1988. Nalilipia kwa mwaka mzima, na kila nakala ikitua kwenye sanduku la posta, wenzangu chumba cha habari hawana mbavu. Mmoja aliniuliza kama nataka kununua ndege ya kivita wakati hata pikipiki sina. Nilicheka naye, ila leo nataka kumjibu kwa historia kidogo.

Tuanzie hukohuko Uingereza. Septemba 6, 1939, siku tatu tu baada ya nchi hiyo kuingia Vita Kuu ya Pili ya Dunia, ilitolewa taarifa kwamba ndege za Ujerumani zinakuja. Haikuwa kweli. Ndege aina ya Hurricane zikapaa kwenda kumkabili adui ambaye hakuwepo. Nyuma yao zikapaa Spitfire, za jeshi lilelile. Marubani wa Spitfire wakaziona Hurricane, wakadhani ndiye adui mwenyewe, wakafyatua risasi. Mbili zikaanguka. Montague Hulton-Harrop akawa rubani wa kwanza wa ndege za kivita za Uingereza kufa katika vita ile, na aliyemuua ni mwenzake.

Hapa ndipo watu wa kazi yetu wanapoingia. Januari 1941 jarida la The Aeroplane, ambalo lilikuwepo tangu 1911, lilizaa gazeti dogo, The Aeroplane Spotter, mhariri wake akiwa Peter Masefield. Lilimfundisha msomaji kuitambua ndege kwa umbo: mabawa yamekaa wapi, injini ni ngapi, mkia ukoje. Ndege zilichorwa nyeusi tii kama vivuli, kwa sababu ndivyo mtu wa chini anavyoiona ndege ikiwa juu. Walisoma wanajeshi, wakasoma watazamaji wa anga wa kujitolea, wakasoma hata watoto wa shule. Mwaka 1944, wakati wa kuvuka kwenda Normandy, zaidi ya 700 kati ya watazamaji wale walipandishwa melini ili wawaambie wapiga mizinga ndege ipi ni ya kwao na ipi ya adui.

Sasa turudi nyumbani. Mwanzoni mwa vita vyetu na Idi Amin, mwaka 1978, ndege tatu za kivita za Tanzania zilitunguliwa kwa makosa na wanajeshi wetu wenyewe. Waandishi Tony Avirgan na Martha Honey walilieleza hilo katika kitabu chao cha vita ile. Mimi sikulisikia darasani, kuanzia shule ya msingi mpaka chuo kikuu.

Mwezi uliopita nilimpelekea baba mdogo nakala moja. Yeye alikuwa mpiganaji vita ile. Alifungua taratibu, akafika penye picha ya MiG-21, akaiweka mbali kidogo na macho, akaitazama kwa muda mrefu. Nikamuuliza kama waliwahi kufundishwa kuzitofautisha.

"Mwanangu," akasema, "ukiwa handakini ukasikia mlio ule, hakuna anayeuliza ndege ya nani. Unalala kifudifudi. Mwenye bunduki anapiga."

Akanyamaza. Kisha akaniuliza ile ya Uganda ilikuwa na mkia gani, na yetu mkia gani. Aliniuliza mimi, niliyezaliwa vita imekwisha! Ikabidi nimwonyeshe kwa kidole, ukurasa kwa ukurasa, jarida la Waingereza likiwa magotini mwake.

Wenzangu endeleeni kucheka. Nakala ile sikurudi nayo, aliniomba aibaki nayo. Na hii ya leo naimaliza kuisoma Jumamosi, Jumapili nampelekea.